Spear ni mtu wa wapi?

Vijana wa siku hizi wakitajiwa jina la Lance Spearman hudhani ni mchezaji wa timu fulani ya Uingereza. Si kosa lao. Lakini muulize mtu yeyote aliyekuwa akisoma shule Afrika Mashariki kati ya mwaka 1968 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, awe wa Mombasa, wa Tanga, wa Jinja au wa Kisii, naye atatabasamu kwanza kabla ya kukujibu. "Spear!" atasema, na huenda akakunja vidole kama mtu aliyeshika bastola.

Kwa wasiomjua, Spear alikuwa shujaa wa gazeti la hadithi za picha lililoitwa African Film. Halikuwa gazeti la kuchorwa kwa mkono. Zilikuwa picha za kamera, watu halisi wakiigiza, na maneno yao yameandikwa ndani ya viputo juu ya vichwa vyao. Ukifungua kurasa zake ni kama unatazama sinema bila ya kulipa kiingilio wala kuhitaji umeme. Humo alikuwamo bwana mmoja mweusi, mtanashati, kofia ya pama kichwani, tai ya kipepeo shingoni, ndevu chache zilizotengenezwa vizuri kidevuni, sigaa mdomoni. Alikuwa akiendesha Corvette Stingray, gari la Kimarekani la watu wawili, ambalo kwa Kisii ya siku zile lilikuwa sawa na chombo cha kwendea mwezini. Msaidizi wake ni bibie Sonia, mtoto wake wa mkono ni kijana Lemmy, na rafiki yake katika polisi ni Kapteni Victor.

Adui zake nao hawakuwa wezi wa kuku. Alikuwako Rabon Zollo, alikuwako daktari mwendawazimu, na wengine wa namna hiyo, watu ambao elimu imewapanda kichwani, wenye mitambo ya siri na nia ya kuwatia watu wote mkononi mwao. Upelelezi ulichanganywa na sayansi ya kubuni hata huwezi kuona mshono ulipo. Nasi hatukushangaa, kwani ilikuwa ndiyo miaka ya binadamu kukanyaga mwezi. Ikiwa Armstrong alifika kule Julai 1969, kwa nini Zollo asiwe na mtambo wake?

Jambo moja tu lilikosekana. Mji anaofanyia kazi Spear haukutajwa jina. Ulikuwa mji wa Kiafrika, wenye magorofa, taa, mahoteli na barabara za lami, na wenyewe wote ni watu weusi, kuanzia polisi mpaka jambazi, kuanzia tajiri mpaka dereva wa teksi. Lakini ni mji gani? Na yeye mwenyewe Spear, ukimvua kofia na jina lake la gazetini, ni nani, na ni mtu wa wapi?

Swali hilo nililikuta Kisii, si pwani. Mwaka 1970 mjomba wangu, aliyekuwa na duka karibu na soko la mji, aliniita nikamsaidie mahesabu, nami nikakaa huko karibu miaka miwili. Nyamira wakati ule ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kisii, kwani haikuwa wilaya peke yake mpaka miaka mingi baadaye, na watu wa kule walishuka mjini siku za soko pamoja na ndizi zao, wimbi lao, na maneno yao. Magazeti yalikuja kwa basi. Nakala moja ya African Film ilinunuliwa na mtu mmoja, ikasomwa na wasio na idadi, na ilipofika mwisho wa safari yake ilikuwa haina jalada, kurasa zake zimelegea kama chapati iliyolala.

Tena mvua ya Kisii, msomaji wangu wa pwani, si kama vuli yetu ya kupiga na kupita. Hushuka alasiri, ikapiga mabati mpaka mtu hamsikii mwenzake, na watu hujibanza barazani mwa maduka wakangoja. Baraza la mjomba lilikuwa refu. Gazeti lilikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi mmoja alisoma, akafasiri kwa Kiswahili, na mwingine akarudia kwa Kigusii kwa ajili ya wazee. Mvua ikikatika hadithi ilikuwa imekwisha, na mabishano ndiyo kwanza yanaanza.

Wa kwanza kutoa hoja, nakumbuka, alikuwa karani mmoja wa serikali, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Yeye alishikilia kwamba Spear ni ofisa wa upelelezi wa Nairobi. Hadithi zile, alisema, ni kesi za kweli, ila majina yamebadilishwa ili wakubwa wasiaibike. Ushahidi wake ulikuwa barabara. Tazameni magari, alisema, yote yanapita upande wa kushoto, kama hapa kwetu. Basi ni Kenya.

Mwanafunzi aliyekuwa akitusomea akamrudi kwa adabu. Uganda nao huendesha kushoto, Mzee. Tanzania vivyo hivyo. Na wakati ule hata Nigeria na Ghana walikuwa wakiendesha kushoto; Nigeria haikuhamia kulia mpaka Aprili 1972, na Ghana mpaka Agosti 1974. Kwa ushahidi ule, Spear angeweza kuwa mtu wa nusu ya Afrika.

Fundi wa magari naye akaleta lake. Kwake yeye magari mengine hayakuwa na maana. Gari la maana lilikuwa moja. Corvette hutengenezwa Marekani, na magari ya Marekani usukani wake uko kushoto. Mtu mwenye gari kama lile amekuja nalo. Basi Spear ni Mmarekani mweusi, jasusi, ametumwa Afrika, na ule Uafrika wake ni vazi tu. Hoja hii iliwavutia vijana kwa sababu ilieleza mambo mengi kwa mara moja: sigaa, wiski yenye barafu, ujasiri mbele ya wakubwa. Ubaya wake ni kwamba hakuna aliyependa iwe kweli. Nakumbuka ukimya ulioshuka pale barazani. Fundi mwenyewe alionekana kama anajuta.

Wakaja wa Nigeria. Vita vya Biafra vilikuwa vimekwisha Januari ya mwaka ule ule wa 1970, na habari zake zilikuwa bado katika redio. Kundi moja la vijana wa sekondari likadai kwamba Spear ni ofisa wa jeshi aliyekuwa upande ulioshindwa, akakimbia na kubadili jina. Walipoulizwa ushahidi, walisema umbo lake. Hoja ya umbo haina mwisho, kwa hiyo tuliiacha.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Novemba, na kufunga Kisii ni neema, kwa vile baridi yake haikukaushi koo. Usiku baada ya tarawehe tulikuwa tukikaa dukani tukinywa chai, na hapo ndipo mabishano yalipoingia dini. Kijana mmoja wa Kinubi, ambaye wazee wake waliletwa bara na jeshi la Mwingereza wakafanya maskani papo hapo Kisii, alikuja na gazeti chini ya kanzu yake akasema Spear ni Islamu. Akatuonyesha ndevu. Akatuonyesha usafi wa mavazi. Akasema hata ile kofia ya pama ni ya kuficha. Mjomba, ambaye kwa kawaida hakujitia katika upuuzi wetu, alivaa miwani yake, akafunua kurasa pole pole mpaka akafika palipo na bilauri.

"Na hii?" akauliza.

"Labda ni juisi, Mjomba."

"Yenye barafu, saa nane usiku, ndani ya kilabu cha dansi?" Akamrudishia gazeti lake. "Mwanangu, Islamu wako huyu ana kazi ya kutubia."

Tulicheka, lakini napenda niseme jambo. Sisi watu wa pwani tulikuwa tumezoea shujaa ambaye tunajua alikotoka. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tuliyemjua tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, alikuwa mtu wa Unguja. Kiko chake kilifuka Unguja, na mafumbo aliyoyafumbua yalikuwa mafumbo ya shamba na mji wa Unguja. Hakuna aliyeuliza Msa ni nani. Spear alikuwa kinyume chake. Hakuwa na baba, hakuwa na kabila, hakuwa na lugha ya mama, hakuwa na mji. Kwa watu kama sisi ambao salamu ya kwanza ni "watoka wapi, na u wa nani?", mtu wa namna hiyo hawezi kuachwa hivi hivi. Ni lazima atafutiwe ukoo.

Na waliomtafutia ukoo kwa bidii kuliko wote walikuwa Wagusii wenyewe.

Katika wale waliokuwa wakiteremka siku za soko kutoka upande wa Nyamira alikuwamo kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ualimu. Tulipatana, akawa rafiki yangu, na siku moja akanichukua kwao, katika nchi ya Kitutu, tukapanda vilima vya kijani mpaka miguu yangu ya pwani ikaomba amani. Babu yake alikuwa hai, mzee asiyejua kusoma, mwenye masikio yaliyotobolewa na jicho kali. Tulimwonyesha African Film. Aliigeuza, akaikaribisha na mlango apate mwanga, akauliza jina la huyu bwana. Mjukuu akamweleza: Lance ni mkuki kwa Kiingereza, Spearman ni mtu wa mkuki. Yaani mkuki mara mbili.

Mzee akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba mtu wa mkuki anajulikana, na kwamba ni wa papa hapa.

Alikuwa akimsema Otenyo. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere wa Kitutu alimvizia njiani ofisa wa Kiingereza, Northcote, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti, akamchoma mkuki. Nyuma yake alikuwako mwanamke, Moraa, mwaguzi aliyewasuta wanaume kwa kukubali kutawaliwa. Northcote hakufa, alipona, akapanda vyeo, na mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong. Lakini Wagusii walilipa. Jeshi lilikuja, nyumba zikatiwa moto, ng'ombe wakatekwa, watu wengi wakauawa. Otenyo mwenyewe akakamatwa na kuuawa, na kwao husimuliwa mpaka leo kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, nao hawajaacha kukidai.

Kwa yule mzee, basi, jambo lilikuwa wazi. Mtu wa mkuki aliondoka Kitutu bila kichwa. Sasa amerudi na kofia.

Mjukuu aliona haya mbele yangu, akacheka. Mimi sikucheka, na si kwa ajili ya adabu tu. Nilikuwa nimekwisha kusikia habari za Sakawa, yule mtabiri wa Wagusii wa karne ya 19 ambaye husimuliwa kwamba aliwaambia watu juu ya kuja kwa wageni weupe. Wasimulizi husema hakufa kama wafavyo watu, alitoweka. Ilipozuka dini ya Mumbo upande wa ziwani mwaka 1913 na kuingia Ugusii, waliomngojea Sakawa arudi walikuwa wengi, hata serikali ikaingiwa na hofu, ikawakamata viongozi wa dini ile na kuwahamisha mbali, wengine mpaka huku kwetu pwani. Ghaibu anaijua Mwenyezi Mungu, na juu ya watabiri Waislamu tuna kauli yetu. Lakini mtu akitaka kuelewa kwa nini mabishano ya Spear yalikuwa makali Kisii kuliko Mombasa, atazame hapo. Ilikuwa ni nchi iliyozoea kumngoja mtu asiyejulikana aliko.

Niliporudi Mombasa mwisho wa mwaka 1971 nilikuta Spear amefika kabla yangu. Mabaharia walidai wamemwona Durban, wengine Liverpool, wengine Mogadishu. Tanzania nako walikuwa hawakukaa bure: Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, alitoa gazeti la picha kwa Kiswahili, Film Tanzania, na baadaye Elvis Musiba akatupa Willy Gamba, mpelelezi ambaye alikuwa na nchi, na bendera, na mkubwa wa kazi. Willy Gamba ni mtu mzuri. Lakini hakubishaniwa.

Katika yote hayo, hakuna aliyesema Afrika Kusini. Yule baharia wa Durban tulimcheka waziwazi. Angeweza vipi? Afrika Kusini tuliyoijua ilikuwa ya Sharpeville mwaka 1960, ya Mandela kufungwa maisha mwaka 1964, ya mtu mweusi kuomba ruhusa ya kukanyaga mtaa. Kenya ilikuwa imekata biashara nayo tangu uhuru. Mtu mweusi mwenye Corvette, anayeingia hoteli ya mlango wa kioo bila kuulizwa, na kapteni wa polisi mweusi anayemtii? Popote, lakini siyo huko.

Ni huko huko.

African Film lilikuwa mali ya Drum Publications, kampuni ya Jim Bailey, mwana wa tajiri wa migodi Sir Abe Bailey. Drum lenyewe lilianza Afrika Kusini mwaka 1951, likapata matoleo ya Nigeria, Ghana na Afrika Mashariki, na lilikuwa na heshima yake kwa kuandika maisha ya watu weusi wa mijini. Picha za Spear zilipigwa Swaziland na Afrika Kusini. Hadithi nyingi ziliandikwa na wanafunzi wa chuo kikuu kule Lesotho, katika kile kilichokuwa Chuo Kikuu cha Botswana, Lesotho na Swaziland. Kurasa zilichapwa London, na kutoka London ndipo gazeti lilipoletwa kwetu, likionyesha anwani za Nairobi na Lagos. Mwandishi wa Kimarekani Stanley Meisler alikwisha kuyaeleza hayo mwaka 1969, lakini aliandika kwa Kiingereza katika jarida la Marekani, na barazani mwa mjomba halikufika. Baadaye sana Mjerumani Matthias Krings, mtaalamu wa mila za watu, alimfanyia Spear utafiti na kumpa sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 2015.

Na Spear mwenyewe? Jina lake ni Jore Mkwanazi. Kabla ya kuvikwa kofia ya pama alikuwa boi wa nyumbani, na usiku akipiga piano kilabuni. Mpiga picha mzungu, Stanley Bunn, ndiye aliyemwona akamtoa huko. Sasa mtu apange picha hizi mbili kichwani. Katika moja, bwana anaingia baa yeyote aitakayo, anaagiza, anaweka pesa mezani, anamkunja jambazi na kuondoka. Katika nyingine, kamera ikishawekwa ndani ya mkoba, bwana yule yule anavua tai, na kwa sheria za nchi ile ni lazima awe na pasi yake mfukoni, mithili ya kile kipande ambacho wazee wetu wa Kenya walivishwa shingoni baada ya vita vya kwanza. Sheria ile ya pasi haikufutwa mpaka mwaka 1986.

Hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini mji haukuwa na jina. Tulidhani ni fumbo, kumbe ni tahadhari. Kama mji ungetajwa, gazeti lisingeuzika Nairobi wala Lagos wala Accra. Kwa hiyo ukafutwa, na hapo palipofutwa kila mmoja wetu akaandika mji wake.

Nimewasikia wenzangu wakikasirika. Bwana mmoja wa Malindi, mtu wa rika langu, aliniambia kwamba tulidanganywa, kwamba senti zetu za shule zilikwenda katika mifuko ya wale wale tuliokuwa tukiimba dhidi yao. Siwezi kusema hana haki. Bailey alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hupima soko. Tena hata ukiacha pesa, Spear hakuwahi kumgusa dhalimu wa kweli. Alimpiga Zollo, hakumpiga kaburu. Katika ulimwengu wake wote mweusi, aliyekuwa akitawala nchi ile hakuonekana hata kwa kivuli, na mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni njia nzuri sana ya kumsitiri.

Lakini mimi nawafikiria wale wanafunzi wa Lesotho. Nchi yao ndogo imezungukwa pande zote na Afrika Kusini. Ukitoka mlangoni umefika kwa kaburu. Wao ndio waliokaa na kalamu wakamwandika mtu mweusi ambaye hakuna anayemuuliza pasi, wakampa kapteni mweusi, daktari mweusi, hata mwendawazimu mweusi mwenye maabara yake. Watu husema sayansi ya kubuni ilikuwa katika mitambo ya Zollo. Mimi naona mitambo ile ilikuwa ya kawaida. Cha kubuni hasa kilikuwa ule mji. Mji ule haukuwako popote kusini mwa Zambezi waliokoishi wao, na waliuandika kana kwamba wameamkia humo asubuhi ile. Sisi wa Kisii na Mombasa tulikuwa na bendera yetu tangu 1963, na bado tulipoutazama tuliona umetuzidi.

Hilo ndilo linalonifanya nisione haya kwa mabishano yetu. Karani alitaka Spear awe Mkenya kwa sababu alitaka Kenya iwe na mtu kama yule. Kijana wa Kinubi, ambaye watu wa Kisii walimwona mgeni ingawa alizaliwa hapo, alitaka awe Islamu ili na yeye awe na wake. Waliokuwa na vita walimpa vita.

Mwaka jana nilikwenda Nyamira kumtazama rafiki yangu yule wa ualimu. Amestaafu, ana majani yake ya chai, na tangu mwaka 2013 kwao kunaitwa kaunti. Magoti yake hayapandi tena kilima kama zamani, nami langu ni hilo hilo. Nilimkuta bado ana sanduku la bati lenye nakala sita za African Film, zilizoshonwa kwa uzi wa gunia, na moja ilikuwa na alama ya kikombe ambayo nina shaka ni ya duka la mjomba.

Nilimweleza yote: Bailey, Swaziland, Lesotho, London, Mkwanazi. Alikuwa hajasikia. Alinisikiliza kama walimu wanavyosikiliza, bila ya kunikatiza, mpaka nikafika kwenye ule uboi na ile pasi. Hapo akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika.

"Kwa hiyo babu alikaribia kupata," akasema.

Nikamuuliza kwa vipi, maana babu alisema ni Otenyo.

"Sisi tulimtafuta Spear katika watu walio huru. Nairobi, Lagos, Marekani. Babu peke yake ndiye aliyemtafuta kwa mtu ambaye mzungu yu kichwani mwake." Akanyamaza, akajirekebisha. "Ambaye mzungu amekichukua kichwa chake. Lakini unanielewa."

Mkewe alileta chai na ndizi za kuchemsha. Mvua ilikuwa imeanza, nasi tukasogea ndani. Rafiki yangu alikuwa bado ameshika nakala moja, ameivutia karibu na dirisha kama babu yake alivyoivutia karibu na mlango, akitazama picha ambayo Spear amesimama nyuma ya nguzo, bastola mkononi. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniita nisogee, akaweka ukucha wake chini ya mkono ule.

"Tazama vidole," akasema. "Virefu. Siku zote tuliona bastola. Hivi ni vidole vya mpiga piano."